Chumba cha Saba, Chumba cha Nane

Jumatatu, 4 Machi

Nimepewa kazi ambayo makarani wenzangu wanne waliikataa kabla haijanifikia. Wa kwanza ana pumu, wa pili ananyonyesha, wa tatu alisema dini yake haimruhusu, wa nne hakujisumbua kutafuta kisingizio: "Mimi sigusi karatasi ya mzuka." Mimi nimekubali kwa sababu niliogopa kukataa.

Daktari wa saikolojia wa chuo chetu amekodi kile kiwanda cha blanketi kilichofungwa, ambacho mji mzima unaamini kina mizuka. Watu mia nne waliojitolea wataingia humo kila Jumamosi, msimu mzima wa mvua. Watafungwa vitambaa machoni, watashika kamba, watu ishirini kwa kila kamba, na kupitishwa katika vyumba kumi. Kila chumba watakaa dakika nane bila kusema neno. Mwishoni wanarudishwa ukumbini, wanafunguliwa macho, wanajaza fomu: kikao cha kwanza ulihisi nini, cha pili ulihisi nini, mpaka cha kumi. Kwa kuwa hawaoni, na kwa kuwa njia hubadilishwa kila wiki, hawawezi kujua kikao kipi kilikuwa chumba kipi. Anayejua ni mwenye ratiba ya njia. Huyo ni mimi. Nasoma fomu, naangalia ratiba, naingiza namba ya chumba kwenye kompyuta.

"Wewe peke yako ndiye utakayejua nani alikuwa wapi," Daktari aliniambia. "Nimeambiwa hukosei."

Mama alifanya kazi katika kiwanda hicho miaka kumi na tisa, akikagua kasoro za blanketi. Hilo sikumwambia.

Jumatano, 6 Machi

Mazoezi ya wafanyakazi. Nilifika chumba cha pili tu nikavua kitambaa na kutoka mbio. Wamenicheka. Fundi wa mitambo, ambaye wamembandika jina la Kimya kwa kuwa mdomo wake haufungi, alinifuata na glasi ya maji. "Dada, huyo uliyemkimbia ni mimi. Nilikuwa napiga chafya."

Ijumaa, 8 Machi

Niandike vizuri habari za Baba, maana bila hizo mambo mengine hayataeleweka.

Baba alikuwa dereva wa lori miaka thelathini na mbili. Mama alipofariki, miezi saba iliyopita, Baba alikuwa safarini, mwendo wa siku tatu kutoka hapa, mahali ambapo simu haishiki. Mwenye mamlaka ya kuamua alikuwa dada yangu mkubwa, lakini yeye alikuwa analia hawezi hata kushika kalamu. Karatasi wakaniletea mimi. Nikatia saini azikwe bila kusubiri. Baba alifika siku mbili baadaye na vumbi la barabara kichwani, akakuta viti vya kuazima vinarudishwa kwa wenyewe.

Hajaniuliza chochote kuhusu saini ile. Hajaniuliza chochote kabisa. Aliacha kazi, akakaa sebuleni akiwa na ndevu za mzee asiye na mtu. Nikimwekea chakula anasema "asante, Karani," na baadaye nakiondoa kama nilivyokiweka.

Leo aliona fomu zangu mezani. Akazisoma zote, mbele na nyuma.

"Hiki si kiwanda cha mama yenu?"

"Ndicho, Baba."

"Na wanachukua watu?"

Nilimweleza kwamba hawaruhusu ndugu wa wafanyakazi. Akazirudisha mezani, akasema, "Basi nitajiandikisha kwa jina la babu yangu. Naye alikuwa mtu."

Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu msiba. Ningewezaje kumkatalia?

Jumamosi, 9 Machi

Jumamosi ya kwanza. Mvua ilianza saa nne kamili. Watu mia mbili asubuhi, mia mbili mchana: walimu, wauza duka, wanafunzi, mama mmoja na mkwe wake waliokuja kushikana uchawi. Wakiwa na vitambaa machoni, wameshika kamba, wanatembea kwa hatua fupi kama watoto wa chekechea. Nilikuwa mezani ukumbini, mgongo ukutani. Baba ni namba 212. Alipita mbele yangu kama hanijui.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Baba amelala mpaka saa tatu. Hajawahi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimefika kwenye fomu ya 212. Watu wengine huandika "nimehisi baridi" au "kama kuna mtu." Baba ameandika kama daftari la safari: *Kikao cha 4. Dakika ya pili kifua kilianza kutetemeka kama injini inayonguruma mbali. Dakika ya tatu nywele za mikono. Dakika ya tano nilijua kuna mtu amesimama kulia kwangu, kimo cha mke wangu. Hakunigusa. Hakuwa na haraka.* Vikao vingine vyote ameandika: *Hakuna.*

Niliangalia ratiba. Kikao cha nne cha kamba yake kilikuwa chumba cha saba.

Nilikaa na fomu hiyo mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 16 Machi

Baba amenyoa ndevu. Amepiga pasi shati mwenyewe. Aliporudi alikula, akaomba aongezwe, akaniambia habari za Mama ambazo sikuwahi kuzisikia: kwamba walipooana hakujua kupika hata maji, na kwamba alikuwa akimwekea vijikaratasi kwenye lori, chini ya kiti, vya kumtukana kwa mapenzi. "Kimoja kiliandikwa: *Usipite kasi, mimi si mjane.*" Akacheka mpaka akakohoa.

Nilicheka naye. Kisha nikaenda chooni nikalia, nikafungua bomba asisikie.

Jumanne, 19 Machi

Fomu ya 212. Safari hii kikao cha tisa. Kifua, nywele, mtu kulia kwake. Ratiba: chumba cha saba.

Nilimuuliza Kimya, kama mtu asiye na haja sana, chumba cha saba kina nini. Akachungulia mlangoni kwanza.

"Hukusikia kwangu. Nyuma ya ukuta wa mbao mle nimeweka spika kubwa kuliko friji ya kwenu. Inatoa sauti nzito mno, sikio halipati kitu. Kifua ndicho kinachosikia. Mtu anatetemeka, anahisi kama kuna mwenzake. Nusu ya wanaoingia wanaona babu zao."

"Na vyumba vingine?"

"Vingine ni vyumba tu, dada yangu. Kuna popo mmoja cha tatu, lakini huyo yu hai."

Akacheka. Nami nikajilazimisha kutabasamu. Nimerudi nyumbani nikamkuta Baba anapaka rangi viatu, na leo ni Jumanne tu.

Jumatano, 20 Machi

Sijamwambia. Nitamwambia kesho.

Alhamisi, 21 Machi

Sijamwambia.

Jumamosi, 23 Machi

Jumamosi ya tatu. Mvua kubwa, bati linapigwa kama ngoma, na bado watu wamekuja wote. Baba alikuwa wa kwanza mlangoni.

Jumatatu, 25 Machi

Niandike polepole, kwa sababu leo nimefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Katika maelekezo ya Daktari kuna kifungu hiki: mshiriki atakayehisi kitu mara tatu katika chumba cha saba amekamilisha kazi yake, aagwe kwa barua ya shukrani. Sehemu ya pili inahitaji wale ambao hawajahisi chochote. Mimi ndiye ninayechapa hizo barua. Leo nimechapa kumi na saba.

Ya kumi na nane ilikuwa ya namba 212. Chumba cha saba, mara ya tatu. Juu ya fomu Baba ameongeza: *Leo nimemwambia pole. Bado sijamuaga. Naona tuna muda.*

Nilifikiria kwenda kwa Daktari. Ningesema nini? Kwamba ni baba yangu, kwamba alijiandikisha kwa jina la marehemu, kwamba nilijua? Angemtoa siku hiyohiyo, na mimi pamoja naye. Nikafikiria ile sebule, zile ndevu, sahani zinazorudi zimejaa.

Nikaandika nane badala ya saba. Chumba cha nane hakina kitu. Hakuna mtu aliyewahi kuhisi chochote humo. Kisha nikaona rekodi yake haifanani, mbili saba na moja nane, na mimi siwezi kuacha rekodi isiyofanana. Nikarudi nyuma nikabadilisha na zile mbili. Nane, nane, nane. Ikawa safi.

Barua ya kumi na nane sikuichapa.

Alhamisi, 28 Machi

Hakuna aliyegundua.

Jumamosi, 30 Machi

Jumamosi ya nne. Baba ameniletea machungwa. Karani mwenzangu aliuliza mzee huyu anakupendea nini, nikasema sijui.

Jumanne, 2 Aprili

Jana niliingiza fomu ya nne ya 212, nayo nane. Leo Daktari aliniita ofisini. Nilidhani yameisha. Nikakaa ukingoni mwa kiti, nimeshajiandaa kuomba msamaha.

Alikuwa anang'aa. Aligeuza kompyuta yake nione.

"Mwone huyu. Namba 212. Watu mia nne, hakuna hata mmoja aliyehisi chochote chumba cha nane. Yeye, mara nne! Maneno yaleyale, dakika zilezile, na njia tofauti kila wiki. Humo hatukuweka kitu! Unaelewa maana yake?"

Nilisema sielewi.

"Hata mimi. Ndiyo raha yake." Akapunguza sauti, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Kuanzia Jumamosi hii hatembei tena na kamba. Nitamweka chumba cha nane peke yake, saa nzima. Nimempigia simu mwenyewe. Nimemwambia: mzee, tunakupeleka palepale unapomsikia mtu wako. Alishindwa kuzungumza kwa furaha, maskini."

Kama ningeacha namba moja tu isiyofanana, angeiona ni sadfa na kuipita. Mpangilio wangu ndio uliomfanya asimame.

Jumatano, 3 Aprili

Baba ameenda kinyozi. Wa kulipa, si wembe wa nyumbani.

Jumamosi, 6 Aprili

Alifungwa macho saa nne na dakika tano. Alitoka saa tano na dakika tano. Nilimwona alivyokaa mezani kujaza fomu: alishika kalamu muda mrefu, akaandika neno moja, akaipangusa karatasi kwa mkono wa shati kama anafuta kitu. Neno lenyewe: *Hakuna.*

Tulipofika nyumbani akasema, "Mvua ilikuwa na kelele sana leo. Labda ndiyo hiyo."

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Anakula kidogo.

Jumamosi, 13 Aprili

*Hakuna.* Mvua haikuwepo leo. Jua lilikuwa kali, bati linatoa mvuke, kiwanda kizima kimya. Hana cha kusingizia.

Jioni alisema, macho yakiwa dirishani: "Nilimchosha. Nilizoea kuingia na kutoka, hata enzi zake. Anapika, naondoka. Analala, nafika. Sasa nimemfuata na huko, nikakaa nikadai saa nzima peke yangu. Ameondoka zake. Ana haki."

"Baba, huenda si hivyo."

"Wewe utajuaje, Karani?"

Jumatano, 17 Aprili

Dada amepiga simu. Alianza kwa kufoka, kama kawaida yake.

"Nasikia Baba anafukuza mizuka, na wewe ndiye unayembebea daftari! Nyumba nzima mmeshikwa?"

Nilimweleza yote. Saba, nane, spika. Aliniacha nimalize, jambo ambalo kwa Dada ni nadra. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Mdogo wangu. Unajua siku ile ya karatasi, ilikuwa zamu yangu. Nilikuachia. Na hili ningekuomba nikubebee, ila siwezi. Lazima liwe kinywa chako."

"Nitamvunja."

"Ameshavunjika. Tofauti ni kwamba sasa anadhani aliyemvunja ni Mama."

Jumamosi, 20 Aprili

Baba hakwenda. Alivaa, akafika mlangoni, akarudi akakaa na viatu vyake miguuni mpaka jioni. Daktari amenipigia mara mbili kuuliza kama nina anwani ya namba 212. Nilisema nitatafuta kwenye faili, huku mwenyewe amekaa mbele yangu.

Jumapili, 21 Aprili

Nimemwambia.

Nilisubiri amalize chai. Nilikaa chini kwenye mkeka, siyo kwenye kiti, na nikaanza mwanzo kama ninavyoandika ripoti, kwa sababu sijui njia nyingine. Ratiba. Vyumba. Chumba cha saba. Barua za shukrani. Namba niliyobadilisha na kwa nini nikabadilisha na zile nyingine. Kwamba Jumamosi hizi mbili amekaa katika chumba ambacho hakuwahi kuhisi kitu ndani yake.

Uso wake ulibadilika. Nikaona ulivyofunguka, na nikajua kosa langu: nilikuwa nimeanza na nusu iliyo nzuri.

"Kwa hiyo hakuondoka," alisema. "Yupo. Ni mimi niliyepelekwa nyumba ya jirani." Akacheka, akajipiga goti. "Karani! Unajua ulivyonitesa? Dereva mzima wa miaka thelathini, napotezewa chumba! Basi Jumamosi nirudishe pale. Nitamwambia huyo daktari mwenyewe."

Ningeweza kunyamaza hapo. Naandika hili ili nisije kujidanganya baadaye: niliona kabisa kwamba ningeweza kunyamaza, na kwa muda wa pumzi mbili tatu nilinyamaza.

"Baba. Chumba cha saba kina spika."

"Spika ya nini?"

Nikamweleza. Nyuma ya mbao. Sauti ambayo sikio halipati. Kifua, nywele, mtu kulia kwako. Kwamba nusu ya watu wanaoingia wanahisi vivyo hivyo. Aliuliza maswali kama fundi: ukubwa wake, inatumia umeme kiasi gani, nani huiwasha, inawashwa dakika ya ngapi. Nilipojibu dakika ya pili, alifumba macho.

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

"Uliyajua haya tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili."

Alihesabu kimya. Nilimwona anahesabu.

"Nikienda kinyozi, unajua. Nikipaka viatu rangi, unajua. Nikikuletea machungwa, unapokea, na unajua."

"Ndiyo, Baba."

"Nilimwambia pole. Maneno ambayo sikuwahi kumwambia akiwa hai. Nimeiambia spika."

Niliweka kichwa kwenye goti lake. Hakukiondoa, lakini mkono wake haukushuka juu yangu. Ndipo alipouliza, kwa upole, lile ambalo nimelisubiri miezi minane.

"Na siku ile. Mngeweza kunisubiri?"

Nilimwambia ukweli. "Siku mbili, ndiyo. Niliogopa, Baba. Watu walikuwa wanauliza, kila mtu ananiangalia mimi. Nilitaka tu iishe."

"Sawa," akasema.

Ameingia chumbani kwake. Naandika haya mezani. Hakuna sauti kutoka huko.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilimweleza Daktari. Hakufoka. Aliondoa miwani akasugua macho, akasema, "Nilishaandika kurasa kumi na mbili juu yake." Rekodi za 212 zimefutwa. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Aliniuliza mzee anaendeleaje. Nikaanza kulia, akanipa leso yake.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Baba alizungumza mara moja: "Nataka kuiona."

Alhamisi, 25 Aprili

Kimya ana funguo. Hakuuliza mengi, nadhani Daktari anajua na amefumba macho. Tulifika saa tisa mchana. Mvua ilikuwa inaisha.

Baba alizunguka nyuma ya ukuta wa mbao. Aliitazama spika, akaigusa juu kwa kiganja kama boneti ya gari. "Kubwa kweli," alisema.

"Nilimwambia dada hapa, kubwa kuliko friji," Kimya alianza, kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akanyamaza mwenyewe.

"Iwashe, kijana wangu. Nipe dakika nane, kama siku zote. Kuna jambo sikulimaliza. Najua ni mashine. Nitajifanya sijui."

Alikaa kwenye kiti. Akaniomba nimfunge kitambaa. Nilimfunga, na sikuweza kumwacha peke yake, nikavuta kiti kingine nikakaa kando yake. Tangu yale mazoezi niliyoyakimbia, sikuwa nimekaa tena katika chumba chochote kati ya vile kumi. Nikafumba macho.

Dakika ya kwanza, hakuna. Ya pili, kitu kilianza chini ya mbavu, kama lori lililosimama mbali injini ikiwaka. Nywele za mikono zikasimama. Nilijua ni nini, nilijua ukubwa wake, nilijua aliyeiwasha. Na bado, mtu aliingia. Aliingia anavyoingia mtu aliyetoka kazini amechoka, akasimama nyuma ya kiti changu. Alikuwa na kimo cha Mama. Hakuwa na hasira. Sijapata kuhisi jambo kwa uhakika kama hilo, na woga wangu wote, ambao nimeishi nao tangu utoto, haukuwepo.

"Kijana," Baba aliita. "Umewasha?"

"Nimewasha, mzee."

Baba aliinamisha kichwa kama dereva anayesikiliza injini.

"Umewasha kweli?"

"Kweli, mzee wangu. Tena nimeongeza."

Baba alikaa wima, mikono magotini, uso umeinuliwa kidogo kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Alisubiri dakika zote nane. Midomo ilifunguka mara moja, ikafungwa.

Kisha akajifungua kitambaa mwenyewe, akakikunja mara nne.

"Hakuna," alisema. Akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu na yalinitazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. "Wewe je? Umehisi kitu?"

Mtu yule alikuwa bado yuko nyuma yangu.

"Hapana, Baba," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, akanipa mkono nimsaidie kusimama, na tukatoka.